Beseni la Wanaume

"Wanaume batatosha viatu na soksi," alisema mzee Ushindi, amesimama mbele ya meza tupu. "Batakunja pantalo mupaka kwa magoti. Batakaa mustari moja, kwa benchi. Na bageni njo bataanza."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, maana kwake lilikuwa tangazo la kawaida. Jumapili iliyofuata Kanisa la Ndugu Watumishi lingekula Meza ya Bwana, na kwa watu hao hakuna anayegusa mkate kabla hajaoshwa miguu na kumwosha mwenzake. Wanawake wangeoshana upande wao, wanaume upande wao, na pazia la vitenge vilivyoshonwa pamoja lingetundikwa katikati. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za babu zao. Wenye dharau katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, huwaita Wabeseni, na wenyewe hawakasiriki.

Kwenye benchi la nyuma, upande wa wanaume, Josaphat aliacha kusikiliza. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, alikuwa ameyasikia mahali pengine. Toeni bote za mpira, kunjeni pantalo, kaeni mstari mmoja. Siku ile aliyeyasema alikuwa na bunduki, na Bruno, mdogo wake Josaphat, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari.

Ilikuwa kwenye barabara ya Mambasa, kwenye kizuizi, bariere kama waitavyo, kando ya daraja. Mkulima wa kakao huvaa bote za mpira tangu asubuhi hadi jioni, kwa ajili ya tope na nyoka. Akivaa hivyo miaka na miaka, ukingo wa bote humchorea mguuni duara jeupe lisiloota nywele, chini kidogo ya goti. Shida ni kwamba mtu wa msituni mwenye bunduki naye huvaa bote. Basi vijana wa kizuizi walikuwa wamejitungia elimu yao: mwenye duara ni adui. Bruno alikuwa na duara. Wakamwongoza nyuma ya daraja, na kabla hawajamfikia Josaphat likaja lori la mbao, dereva akaanza kugombana nao, na Musoki, mke wa Josaphat, akamvuta mumewe katikati ya wanawake na mizigo yao. Walipita. Bruno hajarudi hadi leo.

Josaphat alitazama chini. Soksi zake zilikuwa zimevutwa juu kabisa kufunika duara lake mwenyewe, katika joto lile. Wimbo ulipoanza hakuweza kuufuata.

Haikuwa imani iliyowaleta kwa Wabeseni, bali nyumba. Josaphat na Musoki ni Wakatoliki wa Butembo waliokwenda Mambasa kulima kakao, na parokiani kwao Alhamisi Kuu padri huosha miguu ya wazee kumi na wawili waliochaguliwa, mguu mmoja kila mzee, matone mawili ya maji, basi. Vita vilipowasukuma hadi Bunia walilala barazani kwa watu mpaka Mama Godelive, mjane wa Ngezi, alipowapa vyumba viwili katika kiwanja chake bila kuwauliza kitu. Yeye alikuwa Mbeseni. Mtu akikupa paa, mwaliko wake wa Jumapili huna namna ya kuukataa.

Jumapili ya kwanza Musoki alidhani kuna msiba. Kanisa halikuwa na ngoma, wala gita, wala kipaza sauti. Watu waliimba kwa koo tupu, sauti nne zikipandana, halafu wakabusiana mashavuni, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume, hata mgeni akabusiwa. Hakuna kikapu kilichopitishwa. Mwisho wakaketi nje wakala maharage na bugali kwenye masinia, watu wanne sinia moja, na hakuna aliyewauliza wametoka kijiji gani wala ni kabila gani. Mjini Bunia, kutoulizwa kabila ni jambo ambalo mtu analisikia mwilini. Musoki alilia kwa furaha. Josaphat alikula kidogo. Aliwaza kwamba watu wasiouliza huenda wanajua tayari.

*

"Tusiende," alisema Josaphat walipofika nyumbani Jumapili ile ya tangazo.

Musoki alikuwa akifungua kitambaa cheupe kichwani. "Siye tunakaa mu parseli ya nani, Papa Fanny? Mama Godelive atatuangaria namna gani?"

"Atuangarie vile anataka."

"Ni kuosha miguu tu. Ni maji."

"Hata kule ilikuwa miguu tu."

Jina la daraja halikutajwa katika nyumba hiyo, lakini kila siku lilikaa nao mezani. Binti yao Fanny, wa miaka kumi na minne, alichukua ndoo akatoka, kama alivyojifunza kufanya.

"Hawa ni batu ya Mungu," Musoki alisema mwishowe.

"Bale ya bariere pia balikuwa banaomba. Ulisahau? Balitosha kofia, bakaomba, njo bakaanza kazi. Mukubwa yabo alisema amina." Josaphat alikaa kitandani. "Biblia inasema miguu. Haisemi magoti. Juu ya nini banataka kuona mupaka kwa magoti? Na juu ya nini bageni njo baanze?"

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini wahenga hawakusema mkewe amjibu nini.

Mama Godelive alipita jioni na sahani ya mihogo. Ilikuwa juma la kutengeneza, alieleza, akijikalisha kwenye kigoda kwa kuugulia magoti yake. Juma hilo kila Mbeseni huulizwa swali moja: uko na mutu? Maana yake, yupo mtu ambaye moyo wako umemshikilia kwa ubaya aliokufanyia, au uliyemfanyia wewe? Ukiwa naye, unakwenda mnamalizana kabla ya Meza.

"Na mutu akikatala?" Josaphat aliuliza.

"Mukate inangoja. Mukate ni moja, mutoto yangu. Nusu ya kanisa haikulake peke yake. Mwaka moja ilingoja mupaka ikaoza, sababu ya mbuzi." Godelive alicheka. "Mbuzi ilikuwa yangu."

"Na mutu akikosa kuja kabisa?"

Mama huyo aliacha kucheka, akamtazama kwa upole uliomtia Josaphat baridi. "Atakosa kuja sababu gani?"

*

Siku iliyofuata Josaphat, ambaye alikuwa akibeba magunia kwenye depo moja ya mjini, alipita sokoni akasimama mbele ya meza ya vipodozi. Muuzaji, msichana aitwaye Vanessa, alikuwa amejipaka hadi uso ukawa wa rangi moja na mikono ya rangi nyingine.

"Ni ya bibi ao ni ya weye?" alimuuliza.

"Ya kufanya ngozi ikuwe nyeusi."

"Papa, hapa batu banatafuta ya kufanya nyeupe."

"Haiko?"

"Nyeusi ni ya bure, Mungu njo anagawa." Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. "Mama Domitille, ona papa huyu anataka kuzidi kuiva."

Aliondoka na kikopo kidogo cha vazelini, masikio yakimwaka moto. Nyumbani alisaga makaa ya jikoni kwenye kifuniko cha sufuria, akachanganya na vazelini, akaketi nyuma ya choo kujipaka duara la mguu wa kulia, kisha la kushoto. Kwa mbali mguu ulionekana mguu. Kwa karibu ulionekana mguu uliopakwa makaa. Fanny alitokea na kopo la maji akamkuta katika hali hiyo, baba yake mzima, suruali imekunjwa, vidole vyeusi. Aliweka kopo chini akarudi alikotoka, na Josaphat aliona aibu kuliko ya sokoni.

Jumatano kulikuwa na maombi ya wanaume. Hakwenda.

Alhamisi asubuhi Musoki alikuwa kwenye foleni ya bomba, na mbele yake alikuwa Denise, mwanamke wa kanisani, mwema, mwenye mdomo mrefu.

"Mume yako iko na kidonda kwa muguu?" Denise aliuliza.

"Hapana."

"Njo anavaa soksi mu jua hii?" Denise alisukuma kidumu chake mbele. "Mi siseme kitu, mama. Lakini batu banasema. Jana mutu moja aliuliza hapa, mugeni ya kwa Mama Godelive anaficha nini?"

"Nani aliuliza?"

"Batu tu."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Musoki alijaza maji nusu ya kidumu akasahau kufunga. Alikuwa mwanamke jasiri, ndiye aliyemvuta mumewe kutoka kwenye mstari, lakini njia nzima kutoka bombani hakusikia maji yakimmwagikia mgongoni. Katika Bunia ya sasa neno moja likimfikia mtu mwenye bunduki linatosha. Hakuna anayekuja kukuuliza duara lako ni la kakao au ni la nini. Sasa aliona vizuri mtego ulivyokaa: wakienda, mguu utaonekana, wasipoenda, utasemwa.

Jioni hiyo hiyo watu wa kanisa walikuja. Mzee Ushindi alikuja na kofia mkononi, na nyuma yake aliingia ndugu Vital.

Vital alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho mekundu kwa moto wa kazi na maneno machache. Aliingia kanisani miaka michache nyuma, na kwa desturi ya Wabeseni hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Mama Godelive, aliyekuja nao, alimsifu mbele yake kama mtu anavyosifu mwanawe.

"Huyu njo munyenyekevu yetu. Kila Meza anaosha benzake, halafu mukate ikifika anatoka inje kuangaria sufuria ya maharage, benzake bakule. Hata siku moja hajakula."

Vital alitazama sakafu. Halafu akatazama miguu ya Josaphat, na macho yake yakabaki hapo.

"Ndugu Josaphat," Ushindi alianza, "uko na mutu?"

"Siko na mutu."

"Kweli?"

"Siko na mutu, muzee."

Ulikuwa uongo, na mle chumbani watu wawili mbali na yeye waliujua. Musoki alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa Vital, ingawa hakuna aliyefahamu hilo wakati ule.

"Soksi yako iko na makala," Vital alisema.

Josaphat alitazama. Juu ya soksi nyeupe, pale suruali ilipopanda alipoketi, palikuwa na mstari mweusi wa mafuta na makaa.

"Alikuwa ananisaidia kuwasha moto," Musoki alijibu haraka mno.

"Ah," alisema Vital. Akaendelea kutazama kidogo, kisha akamgeukia mzee. "Dimanshe ya Meza mi njo nitaosha ndugu Josaphat."

"Vizuri sana," alisema Ushindi kwa furaha, akavaa kofia yake.

*

"Yule anajua," Josaphat alisema walipobaki peke yao. "Uliona macho yake? Yule anajua kuangaria."

"Basi tutoroke," Musoki alisema. Sasa ni yeye aliyetaka kuondoka. "Tuende Epulu, kwa wifi yangu Vahwere. Tuende hata leo."

"Tupite barabara gani?"

Kwenda Epulu ni kwa barabara ile ile, na kwa daraja lile lile.

"Tukikimbia, basi ni mimi," Josaphat alisema taratibu. "Batasema mulimuona, alikuwa na makala kwa muguu, alikimbia. Batanitafuta kama mwizi. Nitaenda. Nitakaa kwa ile benchi." Alimgeukia mkewe. "Wanaume banaimba wakati ya kuosha. Weye utakuwa upande ingine ya pazia. Sauti yangu unaijua."

"Unaimbaka mubaya," alisema Musoki, machozi yakimtoka.

"Njo vile. Haitapotea kati ya ingine. Ukiacha kuisikia, kamata Fanny, mupite mulango ya nyuma, mwende kwa masista ya parokia. Usiningoje."

Walikubaliana hivyo. Siku zilizobaki walifanya kazi zao, wakasalimia watu, wakacheka palipotakiwa kicheko. Jumamosi Musoki alifunga nguo za Fanny katika kitenge na kukificha chini ya kitanda, na Fanny alikiona, akaongeza humo daftari zake za shule bila kuambiwa.

*

Jumapili jua lilikuwa kali. Uani mwa kanisa sufuria kubwa la maharage lilikuwa tayari motoni, na watoto wakilizunguka. Ndani pazia lilikuwa limetundikwa. Kila upande palikuwa na beseni, birika, na taulo zilizokunjwa. Mbele kabisa, juu ya meza, mkate mmoja mkubwa ulifunikwa kitambaa.

Musoki aliketi kwenye kona ya upande wa wanawake, karibu na mlango wa nyuma, mkono wa Fanny ndani ya wake. Mama Godelive alimwita mbele, yeye akatikisa kichwa.

Upande wa pili wanaume walivua viatu. Walikuwa wakitaniana, mmoja akilalamika kwamba kucha za mwenzake zitatoboa beseni. Josaphat alivua soksi kwa mikono miwili. Alikunja suruali mara moja, mara mbili, akakwama.

"Mupaka kwa magoti, ndugu," alisema Ushindi kwa wema. "Hatutaki maji iharibu pantalo yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote ya magoti: suruali zisilowe. Ni sababu ndogo ya kuchekesha, na Josaphat hakuisikia. Aliikunja iliyobaki akisikia sauti ile ya darajani.

Wimbo ulianza. Vital alikuja na beseni, akapiga magoti mbele yake. Josaphat akaimba. Aliimba vibaya, kwa nguvu, macho yamefumba, na ng'ambo ya pazia Musoki aliisikia sauti ile iliyopinda akaishikilia kama kamba ya kisima.

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Vital aliuweka mguu wa kulia katika beseni, akateka maji kwa kiganja, akayamwaga kuanzia gotini. Makaa yakaanza kutiririka. Maji yakawa meusi. Mwanamume aliyeketi pembeni akaacha kuimba akatazama, na aliyemfuata akatazama. Vital aliendelea kusugua kwa kidole gumba, polepole, mpaka duara likatokea lote, jeupe, safi, lisilo na unywele hata mmoja.

Mkono wa Vital ukasimama.

Josaphat aliendelea kuimba mstari mmoja zaidi. Kisha sauti ikamkatika.

Upande wa pili Musoki alisimama. Alimvuta Fanny hadi mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo, akasikiliza mara ya mwisho.

"Kakao?" Vital aliuliza chini kwa chini.

"Kakao," alijibu Josaphat.

"Juzi niliona makala kwa soksi, nikajua." Vital hakuinua kichwa. Alizungumza na maji. "Balikuwa banapaka makala. Bengine majivu na mafuta ya mawese. Tulikuwa tunajua kuangaria. Wenye kupaka, tulisema, hao njo adui kabisa."

Josaphat hakuelewa mara moja. Alikuja na hofu ya kitu kitakachotokea, na sasa kitu hicho kilikuwa kimepiga magoti mbele yake, kimeshika mguu wake kwa mikono miwili, kikilia.

"Tulikuwa?" alisema.

"Nilisimama kwa bariere. Zamani, mbele nikuje hapa. Mi njo nilikuwa naambia batu batoshe bote."

Wanaume wote walikuwa wamenyamaza sasa. Hata watoto waliokuwa nje walisikia wimbo umekufa, wakachungulia. Mzee Ushindi, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri tena, alidhani wamemaliza. "Mubadilishane," alisema.

Vital akaketi kwenye benchi. Akavua viatu vyake vizito, akakunja suruali. Kwenye miguu yake yote miwili, chini kidogo ya goti, palikuwa na duara jeupe. Josaphat alikuwa amepiga magoti tayari, kwa kuwa aliambiwa abadilishe na hofu humfanya mtu atii. Aliliona duara lile kwa karibu, karibu kuliko alivyowahi kuliona la kwake mwenyewe.

"Weye ulilima wapi?" aliuliza.

"Sikulima."

"Bote ulipata wapi?"

Vital alipangusa uso. "Bote zilikuwa zinabaki," alisema. "Batu balikuwa banaenda, bote zinabaki. Siye tulikuwa tunavaa."

Josaphat alikuwa ameshika kifundo cha mguu huo. Hakuuachia. Bote za Bruno zilikuwa mpya, walizinunua pamoja Mambasa baada ya mavuno, na Bruno alilalamika njia nzima kwamba zinambana. Aliweka kidole chake juu ya duara la Vital. Lingeweza kuwa la bote zile. Lingeweza kuwa la bote za mtu mwingine yeyote. Akahisi mguu unatetemeka mkononi mwake, na akagundua kwamba mkono wake mwenyewe umetulia.

"Bariere gani?" aliuliza.

"Zilikuwa mingi."

"Ya kwa daraja. Barabara ya Mambasa."

Vital alifunga macho. "Nilikuwa hapo pia."

"Ndugu yangu aliitwa Bruno."

"Hatukuwa tunauliza majina."

Josaphat alichota maji. Beseni lilikuwa bado jeusi kwa makaa yake mwenyewe, na kwa maji hayo akauosha mguu wa Vital, unyayo, kisigino, vidole, hadi gotini, kisha wa pili, kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyeimba. Akachukua taulo akakausha. Lilibaki neno. Wabeseni wakishakaushana miguu, aliyeosha husema, "Tumemalizana, ndugu," wakabusiana, wakasimama. Wote walingoja neno hilo. Ushindi, ambaye sasa alikuwa amenong'onezwa na jirani yake, alingoja mikono imeshika kifua.

"Nilidanganya, muzee," alisema Josaphat, bado amepiga magoti. "Niko na mutu."

Sauti hiyo haikuwa ya wimbo, lakini Musoki aliitambua. Mkono wake ulitoka kwenye komeo.

"Na huyu?" Ushindi aliuliza. "Utamwambia neno?"

"Bado." Josaphat alimtazama Vital usoni. "Utanipeleka kwa daraja. Utanionyesha fasi mulimuweka Bruno na benzake. Tutaenda na batu ya hapa, bakuwe bengi, tusipite siye mbili. Nikishaona fasi, njo nitajua kama niko na neno."

"Bataniua kule," Vital alisema. "Benzangu bangali kule."

"Hata mimi naogopa," alisema Josaphat.

Sufuria la maharage lilichemka uani, na halikuwa na mtu wa kulitazama, kwa kuwa mwangalizi wake wa kila Meza alikuwa kwenye benchi, miguu mitupu.

"Tutaenda," alisema Vital. Ilikuwa sauti ndogo sana.

Mzee Ushindi alikwenda mezani. Kitambaa kilikuwa kimefunuliwa upande mmoja, naye akakirudisha, akakinyoosha kingo zote, kama mtu anayefunika mtoto. "Mukate itangoja," alitangaza. Mama Godelive alianza kulia nyuma ya pazia, na wanawake wengine hawakujua analilia nini. Hakuna aliyekula Meza siku hiyo. Maharage waliwapa watoto, na watu wazima wakatawanyika bila kubusiana, wakisema kwa sauti za chini.

Musoki alimkuta mumewe langoni, viatu mkononi. Alimshika mkono, jambo ambalo mwanamke wa Butembo halifanyi barabarani, wakaanza kutembea, Fanny nyuma yao. Walipita bombani, Denise akageuka kutazama. Walipita mbele ya vijana wa pikipiki, na mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko, akaonyesha. Miguu ya Josaphat ilikuwa na maji bado, na maduara yake mawili yaling'aa juani mbele ya mtaa mzima.

"Papa," alisema Fanny, akikimbia kumfikia, "pantalo yako iko juu."

"Najua," alijibu baba yake, na hakuishusha.